Usiku wa Kuamkia Jumapili

Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani aliyetoroka utumwa kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wenzake, alipenda kuwaondoa watu wake usiku wa kuamkia Jumapili. Jumapili mtumwa wa jimbo la Maryland alipumzika, na mara nyingi aliruhusiwa kwenda kuwaona ndugu zake shamba la jirani, kwa hiyo asipoonekana siku hiyo nyapara hashtuki. Duka la kupiga chapa nalo limefungwa. Bwana akigundua Jumatatu asubuhi kwamba watu hawapo, ndipo aende mjini, aandikishe tangazo, herufi zipangwe moja moja, karatasi zichapwe, mtu atumwe kuzibandika. Kufikia hapo watoro wamekwisha kutembea usiku mbili. Na hata tangazo likibandikwa, Tubman alikuwa akimlipa mtu apite nyuma ya mbandikaji na kulibandua.

Nimeanza na ratiba kwa makusudi. Wengi wanaosimulia maisha yake huanza na ndoto na maono, kana kwamba alibebwa na malaika kutoka Maryland mpaka Kanada. Alikuwa mcha Mungu kweli kweli, hilo halina ubishi. Ila ukimfuata safari kwa safari unakutana na fundi: mtu anayejua kalenda, maji, miti, posta, na bei ya kukodi farasi. Ufundi huo aliupata utumwani, na waliomfundisha bila kujua ni wale wale waliomfanyisha kazi.

Alizaliwa karibu mwaka 1822 wilaya ya Dorchester, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, akaitwa Araminta Ross, Minty kwa kifupi; jina la Harriet lilikuja baadaye. Baba yake, Ben Ross, alikuwa wa bwana mmoja. Mama yake, Rit, alikuwa wa mwingine. Sheria ilisema mtoto hufuata tumbo la mama, basi Minty akawa mali ya Edward Brodess. Brodess alikuwa na watu wengi kuliko kazi, akawa anawakodisha. Minty akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa kukagua mitego ya panya wa majini kwenye vinamasi, ndani ya maji ya baridi, huku anaumwa surua. Nyumba nyingine alipewa kazi ya kubembeleza mtoto mchanga usiku kucha. Mtoto akilia, anachapwa yeye. Akajifunza kuvaa nguo moja juu ya nyingine ili fimbo isifike mwilini, na kupiga kelele kama vile imefika.

Kisha likaja jiwe la mizani. Alikuwa kijana, amesimama kwenye duka la Bucktown, nyapara akamrushia kijana mwingine aliyekuwa anakimbia chuma cha ratili 2. Kilimkosa yule, kikampata Minty kichwani. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla, katikati ya maneno au katikati ya njia. Fikiria maana yake kwa wenzake miaka kadhaa baadaye: wako vichakani, wanawindwa, na mtu pekee anayeijua njia amelala na haamshiki. Hakuna cha kufanya isipokuwa kukaa kimya mpaka azinduke mwenyewe, aendelee pale pale alipoachia.

Shule yake hasa ilikuwa msitu. Ben Ross alikuwa msimamizi wa wakata magogo, na Harriet alipokuwa mtu mzima alifanya kazi naye: kukata, kupasua, kuswaga maksai wanaokokota magogo mpaka ukingoni. Magogo yalipakiwa kwenye vyombo vya kwenda Baltimore, na wengi wa mabaharia wa vyombo hivyo walikuwa weusi, baadhi yao watu huru. Hao walileta habari ambazo shambani hazikufika: bandari ipi ina walinzi wakali, mtaa gani una nyumba ya kuaminika, nani wa kuogopwa. Alifika mahali pa kujipangia vibarua mwenyewe. Alimlipa bwana wake dola 50 hadi 60 kwa mwaka na kubaki na ziada, akanunua jozi ya maksai wa dola 40. Mtumwa mwenye maksai wake! Lakini dada zake watatu walikuwa wamekwisha kuuzwa kusini, na maksai hawamzuii mtu kuuzwa.

Brodess alikufa mwaka 1849, ameacha madeni. Kila aliyekuwa mali yake alijua mnada unakuja. Tarehe 17 Septemba Harriet alitoroka pamoja na kaka zake Ben na Henry. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Ule ujanja wa kuamkia Jumapili ulikuja baadaye, kwa uzoefu. Tangazo la mjane, Eliza Brodess, lina tarehe 3 Oktoba: dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo, 50 akikamatwa ndani. Linamtaja Minty kuwa wa miaka kama 27, rangi ya hudhurungi, sura nzuri, urefu kama futi 5. Kaka zake waliingiwa na hofu, wakamrudisha. Majuma machache baadaye aliondoka tena, safari hii peke yake.

Njia yenyewe ukiitazama kwenye ramani haina fumbo. Mto Choptank unatoka kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Delaware, unamwaga maji yake kwenye ghuba. Anayeufuata kinyume cha mkondo anafika karibu na mpaka bila kuhitaji barabara wala kusoma kibao, na nyota ya kaskazini inamsahihisha pale mto unapopinda. Kutoka Delaware anapanda hadi Wilmington, kisha Pennsylvania ambako hakuna utumwa. Jumla ni maili kama 90, karibu kilomita 145. Ugumu ulikuwa miguuni: matope ya kinamasi, na matunda makavu yenye miiba ya miti fulani ya huko ambayo yanachoma nyayo za asiye na viatu. Mwanamke mmoja wa Kikwekeri, dhehebu la Kikristo ambalo wengi wake walipinga utumwa, alimpa karatasi yenye majina ya nyumba za kupitia. Nyumba ya kwanza alipoionyesha, mama mwenye nyumba alimkabidhi ufagio afagie uwanja. Anayefagia uwanja mchana haulizwi anatoka wapi. Jioni mume akampakia kwenye gari la farasi na kumfunika, akamsogeza mbele.

Mtandao huo wa nyumba watu waliuita Reli ya Chini ya Ardhi, ingawa hakukuwa na reli wala shimo. Mwaka 1850 ukawa hatari zaidi, kwa sababu sheria mpya ya Marekani iliruhusu mtoro kukamatwa hata katika majimbo huru. Kamishna aliyesikiliza kesi alilipwa dola 10 akiamua mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwachia. Aliyemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Philadelphia, mji mkubwa wa Pennsylvania, haikuwa tena mwisho wa safari. Ikabidi watu wapandishwe New York, Albany, Rochester, mpaka wavuke Niagara na kuingia St. Catharines, Kanada, ambako Uingereza ilikuwa imepiga marufuku utumwa tangu 1834.

Uokoaji wake wa kwanza, Desemba 1850, ulifanyika mbele ya macho ya watu. Mpwa wake Kessiah na watoto wawili walipandishwa mnadani kwenye ngazi za mahakama ya Cambridge, Maryland. Mume wa Kessiah, John Bowley, fundi wa meli na mtu huru, alikuwepo, akapandisha bei, akashinda. Dalali akaenda kula. Aliporudi kudai fedha, mnunuzi hayupo, na mali haipo. Walikuwa wamefichwa kwenye nyumba ya karibu, na usiku Bowley aliwapakia kwenye mtumbwi mkubwa wa matanga, akawapeleka hadi Baltimore. Harriet aliwapokea huko na kuwavusha. Angalia kwamba yeye mwenyewe hakukanyaga Cambridge. Ulikuwa mpango wa watu kadhaa, kila mmoja na kipande chake. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mara. Hakuwa anaingia shambani kugonga milango. Alisubiri maili kadhaa mbali, makaburini au porini, na watu wakamfuata.

Hapa nipunguze chumvi kidogo. Utasoma kwamba alifanya safari 19 na kuokoa watu 300, na kwamba kichwa chake kilitangaziwa dola 40,000. Hesabu ya 19 na 300 ilitoka kwa Sarah Bradford, aliyeandika maisha ya Tubman baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Watafiti waliofuatilia jina kwa jina wanapata safari kama 13 na watu kama 70, pamoja na wengine kama idadi hiyo waliopewa maelekezo naye wakajitorosha wenyewe. Dola 40,000 ni hadithi. Hata aliyemuua Rais Lincoln serikali ilimtangazia dola 50,000 tu. Mabwana wa Dorchester hawakujua hata kwamba huyo anayewaibia watu ni Minty wao. Kwangu mimi hesabu ndogo ndiyo kubwa zaidi, maana 70 hao wana majina, na mara 13 alirudi kwa hiari mahali ambapo angeweza kuuzwa.

Safari inayoonyesha ufundi wake vizuri ni ya Krismasi ya 1854. Kaka zake watatu, Robert, Ben na Henry, walikuwa wapigwe mnada siku ya pili ya sikukuu. Tubman hakujua kusoma wala kuandika, basi akamwandikisha rafiki barua ya kwenda kwa Jacob Jackson, mtu huru mweusi aliyejua kusoma, kwa jina la William Henry Jackson, mtoto wa kulea wa Jacob aliyekuwa amehamia kaskazini. Barua ilisalimia wazee, ikawataka ndugu zake wakeshe wakiomba, na merikebu ya Sayuni itakapopita wawe tayari kupanda. Wenye posta walizifungua barua za watu weusi, na hii iliwatatiza, kwa kuwa William Henry hakuwa na wazee wala ndugu. Jacob alipoitwa aliisoma polepole, akasema haielewi, haiwezi kuwa yake, akairudisha. Kisha akaondoka kwenda kuwaambia akina Robert wajiandae.

Waliondoka Jumamosi usiku. Robert alichelewa, mke wake alishikwa na uchungu wa kuzaa saa hiyo hiyo. Alibaki mpaka mtoto akazaliwa, akadanganya kwamba anakwenda kutafuta kazi, akawafuata. Ben alikuwa amemfichia mchumba wake, Jane Kane, suti ya kiume bustanini, naye akatoka amevaa kama kijana wa kiume. Walijificha Poplar Neck, kwenye ghala la mahindi karibu na kibanda cha wazazi. Bi Rit aliwatazamia wanawe kwa chakula cha sikukuu, na wao walimwona kupitia nyufa, anatoka mlangoni, anatazama njia, anarudi ndani. Hawakumwita. Walijua angelia kwa sauti na majirani wangesikia. Mzee Ben ndiye aliyewapelekea chakula, na alipokwenda alijifunga kitambaa machoni. Aliwasindikiza hivyo hivyo, ameshikwa mkono huku na huku, ili wawindaji watakapomuuliza aapie kwamba hajawaona wanawe. Walipofika Wilmington, Thomas Garrett, mfanyabiashara wa vyuma wa Kikwekeri, aliandika kwamba Harriet na mwanamume mmoja viatu vyao vilikwisha kabisa miguuni, akawapa dola 2 na kuwakodia gari. Tarehe 29 Desemba wote walikuwa Philadelphia mbele ya William Still, mtu mweusi aliyekuwa akiwapokea watoro mjini humo, aliyeandika jina la kila mmoja.

Mambo yaliharibika mara nyingi, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Usiku mmoja wa mvua aligonga nyumba ya rafiki mweusi kwa ishara waliyozoea, kichwa cha mzungu kikatokea dirishani: rafiki alikuwa amefukuzwa kwa kuwahifadhi watoro. Aliwakimbiza watu wake mpaka kisiwa cha majani ndani ya kinamasi, wakalala kifudifudi kutwa nzima, wamelowa. Magharibi akapita mtu pembeni ya kinamasi akijisemea mwenyewe kwamba gari lake liko uani shamba la pili, farasi yuko zizini, hatamu zimetundikwa msumarini. Akaenda zake. Walilikuta kama alivyosema.

Novemba 1856 kizuizi kilikuwa daraja. Alikuwa na Joe Bailey, aliyetangaziwa dola 1,500, na wenzake watatu, na daraja la Wilmington lilikuwa limejaa wawindaji. Garrett alituma magari mawili ya waashi, wakavuka asubuhi kwenda upande wa pili wakiimba na kupiga kelele kama wanaokwenda kazini. Usiku walirudi na kelele zile zile, walinzi wakawapisha. Watoro wamelala chini sakafuni mwa magari. Joe alikaa kwenye treni kimya, hataki hata kutazama maporomoko ya Niagara, mpaka alipoambiwa amevuka.

Na kuna bastola. Kila mtu anapenda kipande hiki: mtoro aliyekata tamaa anataka kurudi, Tubman anamwelekezea bastola na kumwambia aende mbele au afe. Ni kweli aliibeba. Lakini watu husahau sababu. Anayerudi atapigwa mpaka ataje nyumba, na kila nyumba ina watu. Mchungaji Samuel Green wa East New Market, mtu huru mweusi, alihukumiwa miaka 10 mwaka 1857 kwa kukutwa tu na kitabu cha kupinga utumwa. Fikiria ambavyo angefanywa aliyetajwa na mtoro.

Kwenda kulikuwa rahisi kuliko kurudi, kwa kuwa hakuna aliyemshuku mwanamke mweusi anayepanda treni kuelekea kusini. Karibu na kijiji chake cha zamani alijifanya kikongwe, amebeba kuku wawili waliofungwa miguu kwa uzi. Alipomwona bwana wake wa zamani mbele, aliuvuta uzi, kuku wakapiga kelele na kurukaruka, naye akainama kuhangaika nao. Bwana alimpita karibu kabisa.

Fedha zilikuwa tatizo la kudumu. Alizipata kwa kupika na kufanya kazi za ndani Philadelphia na, majira ya joto, kwenye hoteli za pwani ya Cape May. Zikiisha njiani alilipa kwa alichonacho; familia moja iliyowahifadhi aliiachia nguo zake za ndani. Mwaka 1857 mzee Ben alishukiwa kuwahifadhi watoro, na wazazi hawakuwa na nguvu za kutembea. Harriet alipata farasi mzee, akamtengenezea kola ya majani makavu, akachukua magurudumu mawili ya gari bovu, akafunga ubao juu ya ekseli wakalie na mwingine wa kuweka miguu. Kwa kigari hicho aliwafikisha wazee kwenye treni, na Garrett akatoa fedha za safari iliyobaki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimpa kazi ile ile kwa kipimo kingine. Tarehe 2 Juni 1863 aliongoza upelelezi wa msafara wa mto Combahee, South Carolina, chini ya Kanali James Montgomery. Vilipangwa vyombo vitatu, kimoja kikakwama, viwili vikapanda mto na kurudi na watu zaidi ya 700, wanawake wakikimbia na masufuria ya wali unaotoa moshi vichwani. Serikali haikumlipa kwa upelelezi inavyostahili. Mwaka 1899 ilimpangia dola 20 kwa mwezi, 8 za ujane na 12 za uuguzi wa jeshini.

Safari ya mwisho ya kwenda Maryland ilikuwa Novemba 1860. Alimfuata dada yake Rachel, ambaye kwa miaka kadhaa alikataa kuondoka bila wanawe Ben na Angerine, waliowekwa nyumba nyingine mbali naye. Harriet alifika akakuta Rachel amekufa. Watoto wangeweza kutolewa kwa dola 30 za hongo. Hakuwa nazo. Alisubiri usiku mzima nyuma ya mti, theluji inavuma, hawakutokea.

Hakurudi mikono mitupu. Alimchukua Stephen Ennals na mkewe Maria, pamoja na Harriet wa miaka 6, Amanda wa miaka 4 na mtoto mchanga wa miezi 3, na watu wengine wachache walioungana nao. Kikapu chao kilikuwa na kipande cha godoro kuukuu, blanketi, vijiti vya kuwashia moto, mkate kidogo na matone ya kasumba ya kumlaza mchanga mchana. Walitembea usiku wamebeba watoto. Alfajiri walitandika kipande kile juu ya ardhi iliyoganda, ndani ya kichaka kizito, na Harriet akaenda kutafuta chakula. Wakati mwingine hakuthubutu kurudi kabla ya giza, akihofia kufuatwa. Akirudi, wao wakiwa wamejisogeza ndani zaidi, alipiga mluzi au kuimba tenzi walizokubaliana, nao wakamjibu.

Watu saba walifika Auburn, New York, mwisho wa Desemba. Ben na Angerine hawakuwemo.